Felice Benuzzi: Mfungwa aliyefuata mto hadi juu ya Mlima Kenya

Ukitoka Jogoo Road ukaingia Kaloleni, hebu siku moja usipite mbio kama mtu anayekimbizana na matatu. Simama kidogo. Zitazame zile nyumba za mawe, kuta zake nene na ule ukumbi wa kijamii ulio katikati, ambamo wanasiasa wa zamani walipiga kelele za uhuru kabla babu yako hajaota ndevu. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940, na historia yake inasema kwamba miongoni mwa mikono iliyopanga mawe hayo ilikuwamo ya Waitaliano. Hawakuwa wawekezaji wala mafundi wa kukodishwa. Walikuwa wafungwa wa vita.

Ndio, wafungwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Kenya ilijaa Waitaliano maelfu kwa maelfu, waliotekwa na Waingereza kule Ethiopia na Somalia wakaletwa huku kwa malori na treni. Walijenga nyumba na barabara. Lile kanisa dogo la Mai Mahiu, unaloliona ukiteremka kwenda Naivasha, walilijenga wao mwaka wa 1942. Wengine walikaa tu nyuma ya seng'enge wakihesabu siku, na wengine wakachanganyikiwa akili kwa sababu ya kukaa bure.

Leo nataka nikueleze kuhusu mmoja wao. Huyu hakujenga Kaloleni, usije ukaenda kusema mtaani kwamba ndivyo nilivyosema. Kambi yake ilikuwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Lakini alifanya jambo ambalo hadi leo wapanda milima wa dunia nzima wanalisimulia: alitoroka kambini, akafuata mto kupitia msitu na makorongo hadi kwenye theluji, kisha akarudi mwenyewe kambini akajisalimisha. Jina lake ni Felice Benuzzi.

Kijana wa Vienna na Trieste

Benuzzi alizaliwa Vienna, Austria, mwezi wa Novemba 1910. Baba yake alikuwa Mwitaliano na mama yake Mwaustria. Alikulia Trieste, mji wa bandari wa Italia ulio karibu na milima, na huko ndiko alikojifunza kupanda miamba tangu ujana wake. Alikuwa pia muogeleaji hodari, kiasi cha kuiwakilisha Italia katika mashindano ya kimataifa. Alisomea sheria Roma, akamaliza, akaanza kutafuta kazi kama wewe na mimi.

Kazi aliyoipata ndiyo iliyomleta Afrika. Mwaka wa 1938 alipelekwa Ethiopia kuwa afisa katika utawala wa kikoloni wa Italia. Hapa tusimung'arishe mtu kupita kiasi. Italia ilikuwa imeivamia Ethiopia mwaka wa 1935 na kuwaua watu wengi, na Benuzzi aliingia kwenye ofisi za wavamizi hao. Hakuwa askari wa mstari wa mbele, lakini mshahara wake ulitoka huko. Liweke akilini unapoendelea kusoma. Mtu anaweza kuwa na ujasiri wa kupigiwa mfano na bado awe amekaa upande usiofaa wa historia.

Italia iliingia vitani mwaka wa 1940 upande wa Ujerumani. Mwezi wa Aprili 1941 Addis Ababa ilianguka, na mwezi uliofuata Haile Selassie akarudi kwenye kiti chake. Benuzzi akawa mfungwa. Alikuwa na mke na binti mdogo, na vita vikawatenganisha. Yeye akaletwa Kenya, akahamishwa huku na huku, mwishowe akatupwa katika kambi nambari 354 ya Nanyuki.

Ukutani hakuna saa

Maisha ya kambini hayakuwa ya kupigwa kila siku. Shida yake kubwa ilikuwa kitu ambacho vijana wengi wa mtaani wanakijua vizuri sana: siku zisizo na kazi wala tarehe ya kuishia. Mfungwa wa jela ya kawaida anajua amehukumiwa miaka mingapi. Mfungwa wa vita hajui. Anaamka, anahesabiwa, anakula, anahesabiwa tena, analala. Watu wanagombana kwa sababu ya kipande cha sabuni. Mwenzako akikuuliza utafanya nini kesho, unamkodolea macho tu.

Mwanzoni Benuzzi hata hakujua kwamba kuna mlima mbele yake. Ulikuwa msimu wa mvua na mawingu yalikuwa yameufunika kabisa. Kisha asubuhi moja mawingu yakafunguka, na akiwa pale kwenye seng'enge akauona: mwamba mweusi wenye barafu, ukielea juu ya msitu kana kwamba haukushikwa na chochote. Kwa mtu aliyekulia kwenye milima, hiyo ilikuwa kama kusikia lugha ya nyumbani katikati ya ugenini.

Wazo likaingia. Kutoroka kabisa kulikuwa karibu na kusikowezekana. Nchi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji, koloni la Ureno, mbali sana kuelekea kusini, na Mzungu mchovu anayekata nyika kwa miguu angeonekana mapema sana. Basi Benuzzi akaona hivi: kama siwezi kutoroka ili niende mbali, naweza kutoroka ili niende juu. Nitakuwa huru kwa wiki mbili, halafu nitarudi.

Wenzake wengi walimwona kichaa. Wawili hawakumwona hivyo. Wa kwanza alikuwa Giovanni Balletto, daktari aliyekuwa na uzoefu wa milima. Wa pili alikuwa Vincenzo Barsotti, wenzake wakimwita Enzo. Huyu hakuwa mpanda milima hata kidogo. Walimhitaji mtu wa kusaidia kubeba mizigo na kukaa kwenye kituo cha mwisho wakati wale wawili wakijaribu vilele, na Enzo akakubali.

Miezi minane ya maandalizi

Hapa ndipo nataka ufungue macho, kwa sababu sehemu hii husahaulika. Watu husimulia kilele. Lakini kilele kilichukua siku moja, na maandalizi yalichukua karibu miezi minane.

Vifaa havikuwepo, na duka halikuwepo. Walitafuta nyundo mbili, zikafuliwa upya zikawa mashoka ya kuchimbia barafu. Kutoka kwa vyuma chakavu walitengeneza meno ya kufunga chini ya viatu ili wasiteleze. Kamba zao zilitoka kwenye kamba za mkonge zilizofumwa vitandani, wakazifumua na kuzisokota upya. Nguo za baridi zilishonwa kwa blanketi. Sigara wakauza, chakula wakakiweka kidogo kidogo, biskuti moja leo, kipande cha chokoleti wiki ijayo. Kila kitu kilifichwa, maana walinzi walikuwa wakifanya msako.

Na ramani je? Hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ya Mlima Kenya iliyochapishwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Fikiria vile vikopo vya dukani vyenye picha ya ng'ombe anayetabasamu, halafu uambiwe hiyo ndiyo GPS yako. Mbaya zaidi, picha ile ilionyesha vilele kutoka upande mwingine, si upande waliokuwa wakipandia wao.

Ufunguo wa lango la bustani ya mboga waliupata kwa ujanja. Benuzzi aliuona mezani, akaubandika haraka kwenye donge la lami ili lishike umbo lake, na mwenzao fundi akachonga wa bandia. Jumapili tarehe 24 Januari 1943, watatu hao wakatoka. Nyuma yao waliacha barua ya kumweleza mkuu wa kambi kwamba wangerudi.

Mto ndio uliokuwa ramani

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Bila ramani utaupandaje mlima wenye msitu mnene ambao huoni hata mita hamsini mbele? Jibu lao lilikuwa mto.

Elewa kwanza umbo la Mlima Kenya. Ni volkano ya kale sana iliyozimika. Vile vilele vya miamba unavyoviona leo, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, ni kile kiini kigumu kilichobaki baada ya ganda la nje kumomonyoka kwa muda mrefu mno. Kutoka hapo katikati mito hushuka pande zote, kama mbavu za mwavuli. Mto Nanyuki unashuka upande wa kaskazini-magharibi na kwenda kujiunga na Ewaso Ng'iro. Mto Nithi unashuka mashariki na kwenda kuongeza maji ya Tana. Kwa hivyo ukiushika mto mmoja na kuufuata kinyume cha maji, ukikataa kudanganywa na vijito vya pembeni, utafika kwenye chimbuko lake huko juu.

Usiku wa kwanza na wa pili walitembea gizani, maana walipaswa kukwepa barabara, reli, mashamba ya masetla na doria. Mchana walijificha vichakani wakiwa kimya, wakiwa na kiu, wakisikia sauti za watu. Walipofika kwenye msitu ndipo walipoanza kutembea mchana, wakifuata bonde la Mto Nanyuki kwenda juu.

Kufuata mto ni rahisi kwa mdomo. Kwa miguu ni kitu kingine. Chini, bonde huwa pana na maji huenda polepole. Ukipanda, kuta za pande mbili zinakaribiana, bonde linageuka korongo, na kila mara mwamba mgumu unapokata njia ya maji, kunakuwa na maporomoko. Hapo huna budi kuchagua: upande ukuta wenye utelezi kando ya maji, au utoke korongoni ukate msitu kwa panga, huku ukisikiliza sauti ya mto ili usiupoteze. Unavuka upande huu, unarudi upande ule. Viatu havikauki. Mzigo begani unaongezeka uzito kila unapolowa.

Na msituni hawakuwa peke yao. Mabonde ya maji ndiyo njia kuu za wanyama. Walikutana na ndovu, wakamwona kifaru, na wakajua kwamba chui yuko karibu. Silaha zao zilikuwa mashoka ya barafu yaliyotengenezwa kwa nyundo. Walichoweza kufanya ni kusimama, kunyamaza, na kumwachia mwenye njia apite.

Baada ya siku kadhaa miti ilianza kupungua. Wakaingia kwenye eneo la vichaka, kisha kwenye ile nchi ya ajabu ya lobelia na miti ya senesio, mimea inayosimama kama watu waliojifunika mablanketi. Baridi ya usiku ikawa ya kuuma, na mto uliokuwa ukinguruma chini ukawa kijito chenye ukingo wa barafu.

Pale walipogeuka

Wakiwa juu ya mita 4,000 walipiga kambi yao ya mwisho. Enzo alikuwa mgonjwa, akabaki hapo na chakula kidogo. Benuzzi na Balletto wakaenda kuujaribu Batian, kilele kikubwa.

Kama ungekuwa mtunzi wa filamu, hapa ungewafikisha juu. Wao hawakufika. Walipanda kupitia ukingo wa kaskazini-magharibi, sehemu ambayo hata wapandaji wenye vifaa kamili huiheshimu. Miamba ikawa migumu kuliko walivyokisia kwenye picha ya mkebe, dhoruba ya theluji ikawashukia, vidole vikafa ganzi. Wakaona kwamba wakiendelea hawatarudi. Wakageuka.

Hebu likae akilini hilo. Watu waliosubiri miezi minane, waliohatarisha maisha yao kwa kilele hicho kimoja, na ambao hawakuwa na nafasi ya pili, waligeuka walipoona hatari imezidi nguvu zao.

Walipumzika. Kisha tarehe 6 Februari 1943 wakapanda kilele cha tatu, Lenana, chenye mita 4,985. Kule juu wakasimika bendera ya Italia waliyoishona wenyewe kambini, wakaacha na chupa yenye karatasi ya majina yao. Baadaye wapandaji wa Kiingereza waliikuta bendera hiyo, na magazeti ya wakati ule yakaiandika habari yake.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, kwa sababu chakula kilikuwa kimeisha. Walirudi na njaa ya kuwatia kizunguzungu, wakifuata mto uleule. Tarehe 10 Februari walifika Nanyuki, wakapenya kuingia kambini, nako kupenya kuingia hakukuwa rahisi kuliko kupenya kutoka, na kisha wakajitokeza kwa wakubwa. Siku 18 zilikuwa zimepita. Adhabu iliyotolewa ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Mkuu wa kambi, akiheshimu walichokuwa wamefanya, aliipunguza ikawa siku 7.

Baada ya mlima

Benuzzi alirudi kwao mwaka wa 1946, vita vilipokwisha. Kisa chake alikiandika kwa Kiitalia, kikatoka mwaka wa 1947, na toleo la Kiingereza likafuata mwaka wa 1952. Kitabu hicho bado kinachapishwa. Yeye mwenyewe aliingia katika kazi ya ubalozi akatumikia nchi yake katika mabara kadhaa, akiwa Australia, Pakistan na Berlin. Alifariki Roma mwaka wa 1988.

Kuna jambo ambalo kisa chake kinalipita haraka, na sisi hatuwezi kulipita. Mlima ule haukuwa mtupu ukimngoja Mwitaliano. Wakikuyu waliuita Kirinyaga na kuelekeza nyuso zao huko walipoomba. Waembu, Wameru na Wamaasai waliujua kwa majina yao. Watu walichunga, waliwinda na walirina asali katika misitu ile kabla ya seng'enge yoyote kusimikwa. Na katika mwaka uleule wa 1943, Mwafrika wa Nairobi alipaswa kuvaa kipande shingoni, na akikutwa mahali pasipompasa alipelekwa ndani. Wafungwa watatu wa Kiitalia walirudi kutoka mlimani wakapunguziwa adhabu kwa kusifiwa uanamichezo wao. Mkenya aliyevuka mashamba yale usiku wakati huo asingesifiwa na yeyote.

Ndiyo maana unapaswa pia kulijua jina la Kisoi Munyao. Miaka 20 baadaye, uhuru ulipofika Desemba 1963, yeye ndiye aliyepandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huohuo. Tukikumbuka bendera moja tukasahau nyingine tutakuwa tumesoma nusu ukurasa.

Wewe na korongo lako

Sasa utaniuliza: haya yote yananihusu nini mimi niliye Kaloleni, ambaye pesa mfukoni ni za nauli na chapo tu?

Yanakuhusu hivi. Njia aliyoiiba Benuzzi kwa ufunguo bandia, wewe unaingia langoni mchana kweupe. Mlima Kenya ni hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1949. Treni inayokwenda Nanyuki hupita Makadara, hapo karibu na mtaa wako. Njia za kupandia zinajulikana: Sirimon, Naro Moru, Burguret na Chogoria. Ukipenda makorongo na maporomoko, Chogoria ndiyo yenyewe. Inapitia upande wa Mto Nithi, penye maporomoko yanayoanguka kwenye genge lililofunikwa na kijani, kisha inapanda hadi ukingoni mwa bonde lenye kuta za mwamba wima. Ukisimama pale juu, Ziwa Michaelson liko karibu mita 300 chini yako, limetulia kama kioo.

Lakini huanzi huko. Anza na karibu. Karura ina maporomoko yake ndani ya msitu, safari ya asubuhi moja tu kutoka mtaani. Fourteen Falls iko huko Thika kwenye Mto Athi. Maporomoko ya Thomson, Nyahururu, yanaanguka mita 74. Nendeni kikundi, changeni pesa mapema kama mnavyochanga za mpira, na hapo mtakuwa mmeanza miezi yenu minane.

Na kabla hujaenda, yashike mambo matatu, maana korongo halina huruma.

La kwanza ni maji. Mvua haihitaji kukunyeshea wewe ili ikuue. Inaweza kunyesha kilomita kadhaa juu, huku kwako jua linawaka, na dakika chache baadaye ukuta wa maji ya matope ukaja kwenye mfereji wa mwamba usio na pa kutokea. Ndivyo ilivyotokea Hell's Gate karibu na Naivasha. Mwaka wa 2012 maji yaliwakuta vijana wa kanisa waliotoka Nairobi kutembea, na mwaka wa 2019 yakaua tena. Usiingie korongo jembamba msimu wa mvua. Wingu jeusi likionekana upande wa juu, toka. Maji yakibadilika rangi ghafla, usiulize mara mbili, panda ukingoni. Mwongozaji wa hapo akisema leo hapana, ni hapana.

La pili ni kupotea. Utasikia watu wakisema ukipotea mlimani fuata mto uteremke, utafika kwa watu. Usiamini. Benuzzi alifuata mto kwenda juu, na akarudi kwa njia ambayo tayari aliijua. Mtu aliyepotea akishuka na mto asioujua, huteremka mwamba mmoja, wa pili, kisha anajikuta juu ya maporomoko asiyoweza kuyashuka, na nyuma yake kuna ukuta asioweza kuupanda. Wengi hukwama hapohapo. Ukipotea, simama, kaa na wenzako, jifunike, piga kelele au filimbi, na urudi kwenye njia ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo kama bado unaiona.

La tatu ni mwili. Juu ya mita 3,000 hewa inakuwa nyepesi. Kichwa kikianza kugonga na tumbo kukataa chakula, huo si uoga wala ulaini. Mwili unakwambia haujazoea. Panda polepole, lala usiku mmoja zaidi. Dalili zikizidi, ukianza kupepesuka au kuchanganyikiwa, teremka mara moja, hata kama kilele unakiona na simu iko tayari kwa picha.

Hapa ndipo ninapomwona Benuzzi akiwa na thamani kwa kijana wa leo, kuliko hata bendera yake. Siku hizi tunapimana kwa picha ya kilele. Aliyegeuka anachekwa kwenye grupu la WhatsApp wiki nzima. Lakini angalia waliogeuka pale kwenye ukingo wa Batian: siku chache baadaye walisimama Lenana, wakateremka na kumkuta Enzo, wote watatu wakarudi kambini wakiwa hai, na mmoja wao akaishi miaka 45 zaidi. Wangekaidi, mlima ungekuwa na mifupa miwili zaidi, na sisi tusingekuwa na kisa cha kusimulia.

Barafu aliyoikuta yeye haipo tena kama ilivyokuwa. Ile ya Lewis, chini ya Lenana, imeyeyuka mno, na wataalamu wanaonya kwamba iliyobaki haitakaa sana. Kwa hivyo ukisema utaenda siku moja, ihesabu hiyo siku.

Ama jina la mtaa wako, watu wa Pwani watakwambia lina maana. Kwa Kigiriama kulola ni kutazama, na kaloleni ni amri kwa watu wengi: nendeni mkaone. Basi nendeni. Mkaone maporomoko, mkaone korongo, mkaone mlima. Wingu likijaa, geukeni, mrudi nyumbani mkiwa idadi ileile mliyotoka nayo.